Saa za Kulala

Suzan alikuja mbio akitokea njia ya shuleni, viatu mkononi, na Deodata alipomwona tu huyo mwanafunzi mwenzake binti yake, akajua. Hakusubiri salamu. Aliliacha jembe katikati ya tuta, mbegu za maharage zikiwa bado kwenye pindo la khanga aliyojifunga kiunoni, akaanza kuteremka bondeni kabla msichana hajamfikia.

"Ni Nimpaye, mama," Suzan alisema akihema. "Ameanguka darasani."

"Ameumia?"

"Sijui. Walitutoa nje."

Miezi minane ilikuwa imepita bila Nimpaye kuanguka. Deodata alikuwa amefika mahali pa kuamini kwamba vidonge vimeushinda ugonjwa, na ndiyo sababu alikubali binti yake aingie kambi, yaani alale shuleni na wenzake wa kidato cha nne mpaka Novemba, wakisoma pamoja usiku na alfajiri. Nimpaye mwenyewe ndiye aliyeomba. Alisema hataki kuwa peke yake wa kulala nyumbani kama mtoto wa chekechea.

Walimkuta nyuma ya darasa, amelazwa kwenye majani. Wenzake walikuwa wamejipanga barazani, na kati yao na yeye palikuwa na hatua kama ishirini zisizo na mtu. Kiatu kimoja kilikuwa kimemtoka. Paji la uso lilikuwa limechubuka, na sketi yake ya shule ilikuwa imelowa mkojo mbele ya wavulana wote wa darasa lake. Deodata aliifungua khanga, mbegu zikamwagika, akamfunika.

"Usimguse kwanza, mama," mwalimu mmoja kijana alimwambia kutoka mbali. "Bado ana povu."

Deodata alilifuta lile povu kwa kiganja chake, akakipangusia kwenye gauni lake, huku wote wakimtazama. Halafu akampakata binti yake kichwa na kumngoja azinduke.

Mkuu wa shule, Mwalimu Projestus, hakuwa mtu mbaya. Alimpa Deodata kiti, akafunga mlango ili wanafunzi wasisikie, kisha akazungumza akiangalia dirishani. Alisema hii ni mara ya tatu ndani ya wiki mbili.

"Mara ya tatu?"

"Zile mbili zilitokea usiku, bwenini. Binti aliwaomba wenzake wasiseme. Na mimi nimejua leo."

Alieleza kwamba wasichana wanaogopa. Usiku uliopita wote kumi na mmoja walikuwa wamesogeza magodoro kona moja, wakabanana mpaka wengine wakalala nusu sakafuni, ili tu wawe mbali na godoro la Nimpaye. Asubuhi hiyo wazazi wawili walikuwa wamempigia simu kuuliza kama ugonjwa unaambukiza. Yeye alijua hauambukizi, alisema, lakini angewaambiaje? Zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya mtihani. Afadhali Nimpaye apumzike nyumbani mpaka apone.

"Na mtihani wake?"

"Akipona atakuja kufanya."

"Asipopona?"

Mwalimu Projestus alipanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa.

Suzan alilileta godoro likiwa limeviringishwa na kufungwa kamba, pamoja na sahani na kikombe. Chini ya sahani palikuwa pamechorwa msalaba kwa rangi nyekundu ya kucha, ili isichanganyike na sahani za wengine wakati wa kuosha. Deodata aliuona, Nimpaye akaona kwamba mama yake ameuona. Walipita senta, penye maduka na watu, mama na godoro kichwani, binti nyuma yake amejifunga khanga juu ya sketi iliyolowa, na mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza vitumbua akalifunika beseni lake mpaka walipokwisha kupita.

*

Evaristi, baba yake Nimpaye, alikuwa akifyeka migomba. Aliliona godoro, akaacha kazi, akawafuata ndani. Kwa miaka mitano tangu binti yake aanze kuanguka, Evaristi hakuwahi kuutaja ugonjwa ule kwa jina. Wazee wake, waliotoka Burundi na kuhamia huku Ngara, waliuita intandara na kumtenga mtu mwenye nao hata chungu cha kupikia. Yeye hakumtenga mtoto wake, ila jina hakulitaja. Alisema tu "ile shida." Na siku ya kliniki alimwacha mkewe aende na binti peke yao, mwenyewe akashika njia ya nyuma, isiyopita senta, kwenda shambani.

"Ulikuwa unameza vidonge?" alimuuliza.

"Nilimeza, baba. Kila siku."

"Hukuruka hata siku moja?"

"Hata moja."

Deodata alivihesabu vile vidonge mara mbili kitandani. Hesabu ilikuwa sahihi, na hapo ndipo hofu ilipomwingia kwelikweli. Kama binti angekuwa amesahau dawa, lawama ingekuwa na mahali pa kukaa. Kama dawa anameza na bado anaanguka, basi dawa imeshindwa, na nyuma ya dawa Deodata hakujua kuna nini kingine. Alimwangalia Nimpaye akiwa ameketi mlangoni na daftari la Baiolojia. Macho yalikuwa mekundu, ngozi chini yake imekuwa ya rangi ya majivu. Alidhani ni kulia.

Jioni ile ile alikuja Benedicta, dada yake Evaristi, ambaye nyumbani kwake kulikuwa na kikundi cha maombi cha akina mama. Alikuwa amesikia senta. Alimkumbatia Nimpaye kwa nguvu, bila kuogopa kumgusa, na kwa hilo Deodata alimpenda. Benedicta alisema dawa ziendelee, yeye hakatazi dawa ya mtu, lakini shida hii inataka mkesha. Siku tatu mfululizo, wote macho, na mtoto mwenyewe macho, kuimba na kuomba mpaka kuche.

"Pepo wa kuangusha huja kwa mtu aliyelala," alisema. "Asimkute amelala."

Deodata alimtazama mumewe. Evaristi aliinamisha kichwa.

"Mimi nataka, mama," Nimpaye alisema. "Nikimaliza siku tatu bila kuanguka, shangazi atakwenda kumwambia mwalimu. Watanirudisha."

Deodata hakuwa na uhakika. Lakini alipofikiria kukataa, aliliona jiko lake la mafiga matatu, na akamwona Nimpaye ameangukia humo siku yoyote ile, na watu wote wakisema ni yeye mama aliyewazuia wenzake wasimwombee mtoto. Hofu hiyo ndiyo iliyomfanya akubali.

*

Walikesha siku tatu. Akina mama wale walikuwa wema. Walimletea Nimpaye chai ya tangawizi, wakamshika mikono, na kila kichwa chake kilipoanza kudondoka mmoja wao alimsimamisha na kuzunguka naye chumbani akiimba. Mchana, badala ya kulala, Nimpaye alisoma, kwa sababu wenzake walikuwa wanasoma. Siku ya pili alianza kucheka bila sababu. Siku ya tatu alimuuliza mama yake jambo moja mara nne, kila mara kama jipya, na mkono wake wa kulia ukawa unarukaruka mpaka kikombe kikamponyoka.

"Anatetemeka," Deodata alimwambia wifi yake.

"Ni nguvu inatoka," Benedicta alijibu, na aliamini hivyo.

Jua lilikuwa limeshatoka, wanawake wanakunja mikeka na kushukuru kwamba siku tatu zimekwisha salama, Nimpaye alipotoa sauti moja kama ya mtu aliyekabwa, akaanguka chali.

Deodata alimgeuza ubavu, kama alivyofundishwa kliniki. Alimwekea khanga chini ya kichwa. Alingoja. Siku zote ilikuwa hivyo, kungoja dakika mbili, tatu, halafu mwili unalegea na mtoto anakoroma. Safari hii mwili ulilegea kidogo, ukakaza tena. Ukalegea, ukakaza. Midomo ilibadilika rangi. Wanawake walianza kukemea kwa sauti kubwa, kisha mmoja mmoja wakanyamaza, na kunyamaza kwao kulimtisha Deodata kuliko kelele.

Evaristi alikuwa ameshika simu, anatazama saa yake. "Dakika sita," alisema. Hakuna aliyemwuliza. "Saba." Sauti yake ilikuwa nyembamba kama si yake. "Mama Nimpaye, haiachi. Haiachi."

Alimbeba binti yake wa miaka kumi na saba kama mtoto mchanga na kukimbia naye mpaka barabarani. Mchomoko mmoja, gari dogo la abiria, ulikuwa unapakia watu wa Ngara mjini. Dereva alipoona mwili unavyojipinda mikononi mwa baba, alifunga mlango.

"Mzee, na hao abiria wangu?"

"Nisaidie, kijana."

"Atanichafulia viti. Na hiyo kitu inaambukiza."

Evaristi alipiga magoti barabarani, binti akiwa mikononi. Abiria mmoja, mzee wa makamo, alishuka mwenyewe, na wengine wakamfuata, wawili kwa huruma na mmoja kwa kuogopa. Dereva alitandika turubai la kuanikia kahawa juu ya kiti cha nyuma, ndipo akawaruhusu kuingia. Njia nzima aliendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha.

*

Hospitalini walimchoma sindano, halafu nyingine. Baada ya ile ya pili mwili ulitulia. Deodata alisimama miguuni pa kitanda akitazama kifua. Kilipanda, kikashuka. Kila kiliposhuka alikuwa na hakika kwamba hakitapanda tena.

Nimpaye alilala mchana wote, na usiku, na asubuhi ya pili mpaka saa nne. Wauguzi walimgeuza, wakampima, hakuamka. Benedicta alikuja na chupa ya uji, akakaa kwenye benchi nje, hakuthubutu kuingia.

Tabibu aliyewahudumia aliitwa Danstan, mtu mfupi, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Nimpaye alipokwisha kuamka, aliwaita wazazi wote wawili kando ya kitanda. Kwanza aliuliza dawa, na Deodata akamwonyesha hesabu ya vidonge. Aliuliza homa, akauliza pombe, akauliza dawa za kienyeji. Kwa kila swali jibu lilikuwa hapana. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuwauliza.

"Huwa analala saa ngapi?"

Nimpaye ndiye aliyejibu, kutoka kitandani, kwa sauti ya mtu aliyejiuma ulimi.

"Kambini tunalala saa sita. Tunaamka saa kumi."

"Kila siku?"

"Mimi nilikuwa naamka saa tisa. Nilikuwa nyuma kwenye Hesabu."

"Na hizi siku tatu za mwisho?"

Nimpaye alimtazama mama yake. Evaristi ndiye aliyesema, "Hakulala. Tulimkesheza. Sisi wenyewe."

Danstan aliweka kalamu mezani. Aliwaambia kwamba ubongo wa mtu mwenye kifafa ukinyimwa usingizi unakuwa kama nyasi za Agosti, cheche ndogo tu inatosha. Vidonge vinafanya kazi yake, lakini peke yake havitoshi. Usingizi ni sehemu ya dawa. Saa nane, kila siku, muda ule ule, hata siku ya mtihani, na siku ya mtihani hasa. Halafu akasema hata asiye na kifafa hupoteza alichosoma asipolala, kwa sababu akili huyapanga ya mchana mtu akiwa usingizini.

"Kwa hiyo hiki kilichotokea," Evaristi alisema polepole, "ni sisi."

"Mlikuwa mnajaribu kumponya."

"Nimekuuliza kama ni sisi."

Danstan alimtazama machoni. "Ndiyo, mzee," alisema. "Na kama ingeendelea nusu saa nyingine, tusingekuwa tunaongea hivi."

Deodata alitoka nje. Alipita mbele ya benchi mpaka mwisho wa baraza. Benedicta alimfuata, na baada ya kuelezwa alikaa chini sakafuni akavua kitambaa chake cha kichwa. Baadaye, tabibu alipopita, alimzuia na kumuuliza kwa woga kama basi asimwombee mtoto tena.

"Mwombee, mama," Danstan alimjibu. "Mwombee mchana."

*

Walipotoka hospitalini walikuwa na barua ya tabibu kuhusu usingizi wa Nimpaye. Deodata alidhani angekwenda nayo shuleni peke yake, kama alivyozoea. Asubuhi ile Evaristi alivaa shati lake la kanisani na kusimama mlangoni akimngoja.

Ofisini palikuwa na wazazi wengine wawili waliokuja kwa mambo ya kambi. Mwalimu Projestus aliisoma barua, akaikunja, akaifunua tena. Alisema anaelewa, lakini kambi ni ya wote. Akimruhusu mmoja kulala, kesho wataomba kumi. Shule yake ilikuwa ya mwisho katika tarafa mwaka uliopita, na aliitwa na kusemwa mbele ya wenzake. Na vipi akianguka katikati ya mtihani, wengine arobaini na watano wakavurugika? Mmoja wa wale wazazi aliitikia kwa kichwa.

Evaristi alikuwa amesimama muda wote huo, kofia mkononi.

"Mwanangu ana kifafa," alisema.

Deodata aligeuka kumtazama. Wale wazazi wawili waliacha kunong'ona.

"Ana kifafa," Evaristi alirudia, kama mtu anayejaribu daraja kwa mguu. "Hakiambukizi. Juzi nusura nimzike, kwa sababu mimi na wewe, mwalimu, tulimnyima usingizi. Wewe kwa kusoma, mimi kwa kumwombea. Mimi sitamnyima tena. Atakuja mchana asome, saa kumi atarudi nyumbani kulala. Na siku ya mtihani ataingia na wenzake. Kama unakataa, niandikie kwenye karatasi kwamba umekataa, niipeleke wilayani."

Mwalimu Projestus alichukua kalamu. Hakuandika kukataa. Badala yake aliandika karatasi nyingine, kwamba binti akidhurika shule haitadaiwa, na Evaristi akatia sahihi pale alipoonyeshwa, herufi moja moja.

*

Zilikuwa zimebaki siku kumi na tatu. Nyumbani saa tatu usiku ikawa saa ya kulala. Evaristi alizima redio, akawaambia majirani waliozoea kuja kupiga soga kwamba waje mchana. Wengine walicheka. Shuleni wenzake walimwita Nimpaye Bibi Usingizi, na Suzan peke yake ndiye aliyekaa naye dawati moja. Nimpaye alilia siku mbili za kwanza, akisema wenzake wanasoma saa tano zaidi yake, atafeli, afadhali angekufa. Deodata alimwambia asiseme neno hilo tena ndani ya nyumba ile.

Siku ya sita majivu chini ya macho yalianza kutoka. Siku ya nane mkono uliacha kurukaruka. Siku ya tisa Nimpaye alikuwa anamenya ndizi, akaacha, akamwangalia mama yake kwa mshangao.

"Mama, kumbe nilikuwa nasoma ukurasa mmoja mara tano. Nilidhani mimi ni mjinga. Sasa naukumbuka mara moja."

Hakuanguka. Lakini hofu ya Deodata haikupungua kwa sababu hiyo. Alihamishia mkeka wake kando ya kitanda cha binti, na kila usiku alilala macho wazi, akisikiliza pumzi. Pumzi ilipobadilika aliinuka na kumwekea mkono kifuani. Mchana alitembea kama mtu aliyelewa, akatia chumvi kwenye chai, akajikata kwa panga kwenye kidole. Evaristi alimwambia apumzike. Alijibu kwamba atapumzika mtihani ukiisha.

Mtihani ulianza Jumatatu. Jumatatu Deodata alimpeleka Nimpaye mpaka getini, akasimama nje ya uzio mpaka walipotoka. Jumanne vilevile. Usiku wa kuamkia Jumatano alikaa mkekani ameegemea ukuta, akasema atafumba macho kidogo tu.

Alipoyafumbua, mwanga ulikuwa umejaa chumbani. Jogoo walikuwa wamekwisha kunyamaza. Kitanda kilikuwa kitupu. Aliita, hakuitikiwa. Alikimbilia jikoni kwanza, akatazama kwenye mafiga kwa macho yaliyokataa kutazama. Hakuna mtu. Alikwenda chooni. Alikwenda kwenye kisima. Alikuwa ameshafika njiani, bila viatu, kitambaa kimemwanguka, alipomwona Evaristi anapanda kilima taratibu.

"Yuko wapi?"

"Shuleni. Nimempeleka."

"Dawa?"

"Amemeza mbele yangu. Na uji amekunywa." Alimshika mkewe mkono wa juu. "Ulikuwa umelala. Tulikuita mara moja, hukusikia. Akasema tusikuamshe."

"Mlipita wapi?"

"Senta," Evaristi alisema. "Tumepita senta."

Deodata alikaa chini pale pale, kwenye majani ya kando ya njia. Evaristi alikaa karibu naye. Walingoja pamoja mpaka saa tano asubuhi, muda wa karatasi ya kwanza kwisha, na baada ya hapo wakangoja mpaka saa tisa, muda wa karatasi ya pili.

Nimpaye alirudi saa kumi kasoro, kwa miguu yake, vumbi kwenye soksi, akilalamika njaa. Alisema swali moja lilimshinda na mengine aliyajua. Alikula ugali na maharage, akanawa, akajinyoosha kitandani mchana kweupe. Deodata alisimama mlangoni akamtazama mara moja. Kisha akaenda kwenye kitanda chake mwenyewe, akalala.